Ijumaa Mbili za Kuombea Kalamu

Jumatatu, tarehe mbili Septemba. Asubuhi jua kali. Saa nane wingu limetoka upande wa ziwa, upepo umeangusha kamba ya nguo za jirani, matone machache yamepiga mabati kisha yakaacha. Hayakutosha hata kulaza vumbi la Kondele, mtaa wetu hapa Kisumu.

Hivi ndivyo ninavyoandika kila siku: juu hali ya anga, chini tulichokula, na katikati yale ambayo sina hakika nayo. Leo ya katikati ni mengi. Binti yangu Risper alirudi kutoka kibandani kwake, anakouza viatu vya watoto vya mitumba, akakaa bila kuvua leso kichwani, akamsomea Neema ujumbe wa shule kwenye simu. Neema ni mjukuu wangu, yuko gredi ya sita. "Wazazi wapendwa, karibuni muhula wa tatu. Sweta ziandikwe majina. Watoto wanyolewe. Kila mtoto aje na maji yake ya kunywa. Maombi ya gredi ya sita ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, mzazi asikose." Neema akauliza, "Mama, utakuja?" Risper akasema Ijumaa ndiyo siku mzigo wake unashuka. "Si umwambie mwalimu?" "Nimwambie wapi? Kwa hili kundi wanaandika wao peke yao. Sisi ni wa kusoma." Nilicheka kidogo, na kabla sijamaliza kucheka simu yangu ikalia. Alikuwa Adoyo, ambaye nilimjua akiwa darasa la nane na sasa ana wajukuu kama mimi.

"Awino, Mwalimu ametuacha."

Nilimuuliza mwalimu gani, ingawa nilijua. Mwalimu Kegode, aliyekuwa mwalimu mkuu wetu kule ziwani. Atazikwa Jumamosi kwao Maragoli. Adoyo alilia kidogo, akapenga kamasi, akasema wanafunzi wa zamani wamekubaliana mimi nizungumze, maana nilikuwa karani wake. "Usiseme mengi. Sema tu ile ya Dani. Waambie jinsi Mwalimu alivyomwekea Dani Ijumaa yake peke yake." Dani ni nyanya, na Dani huyo alikuwa nyanya yake, aliyemlea. Nilijibu, "Nitajaribu." Nilijibu hivyo kwa sababu sikupata ujasiri wa kujibu vingine. Mwalimu hakumwekea yule mama Ijumaa yoyote. Ijumaa ile ilibaki tupu kwa mkono wangu, na kwa miaka hii yote Adoyo hajui. Sasa nimeombwa nisimame mbele ya jeneza niisimulie kama zawadi. Nimechukua daftari nione kama naweza kuandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa, bila kujipendelea na bila kumsingizia mtu, halafu niamue.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Masomo yangu yaliishia kidato cha pili, nikajifunza kupiga taipu miezi mitatu mjini, na Januari nikachukuliwa kuwa karani katika shule ya msingi iliyokaa katikati ya mteremko: chini yake bichi, yaani ufuo wa wavuvi, juu yake mashamba ya mtama na mihogo, na njia ya kwenda Kombewa. Watoto wa chini walikuja wananuka samaki, wa juu walikuja na udongo mwekundu miguuni, na walitukanana kwa hayo mpaka kengele ilipolia. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kidogo mwishoni mwa darasa la nane. Kila Ijumaa wasichana walikandika sakafu yake kwa samadi ya ng'ombe, ndiyo sababu hadi leo Ijumaa kwangu ina harufu ya kijani, yenye ubaridi. Kulikuwa na meza mbili, taipureta yenye herufi ya "r" iliyokuwa ikikwama, na saiklostaili, ile mashine ya kurudufu ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo tuliifunika kwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua kana kwamba ni kiti cha mgeni. Dirisha lilikuwa la mbao. Ukilifungua unasikia kila kitu: walimu wakibishana kuhusu mpira, na wamama waliokuja kuteka maji kwenye tangi la shule, ambao walisema bila kujua, au labda wakijua, kwamba nasikia.

Saa nne tulikunywa chai. Mke wa mlinzi alileta nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kwenye bakuli la bati. Mwalimu alikula maharagwe yote kwanza, mahindi akayaacha mwisho, akasema mahindi ya kwao ni matamu zaidi na anayaweka mwisho ili ayasamehe polepole. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukukata, na Kidholuo chake kilikuwa cha salamu tu, kwa hivyo sote tuliongea naye Kiswahili, kila mtu na chake. Alinifundisha kitabu cha kumbukumbu za shule, kile kikubwa chenye jalada gumu. Siku ya kwanza niliandika nusu ukurasa wa sifa. Alisoma, akachora mstari juu ya yote. "Binti, anza na tarehe na hali ya anga. Mengine unaweza kudanganya hata bila kutaka, lakini mvua kila mtu aliiona. Ukianza na kitu ambacho kila mtu alikiona, utaona aibu kudanganya kinachofuata." Jioni ile nilinunua daftari langu mwenyewe. Hilo la chakula nililiongeza mimi, kwa sababu chakula pia kila mtu nyumbani alikiona.

Ni kwa dirisha lile nilisikia habari za mwaka uliotangulia. Kila mwaka, kabla ya mtihani wa darasa la nane, shule ilikuwa na siku ya maombi. Wazazi walikuja, watoto wakaweka kalamu, penseli na rula zao mezani, pasta akaomba, halafu kila mzazi akashika kalamu ya mtoto wake mkononi na kuiombea mwenyewe, kwa lugha yake. Ilikuwa ndiyo siku kubwa kuliko ya kufunga shule. Mwaka uliotangulia wazazi wa juu walijaa, wa bichi hakufika hata mmoja. Sasa wamama watatu walikuwa kwenye tangi, na aliyekuwa anaongea ni Min Ouko, yaani mama yake Ouko, mtu mnene wa bichi mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka mbali.

"Ati tuombee kalamu! Na omena iombewe na nani? Na kunguru?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Waambie walete hiyo maombi mchangani. Tutaomba tukigeuza."

"Pasta ataomba akishika beseni," Min Ouko akasema, na wakacheka zaidi. Halafu nikasikia maji yakijaa mtungi. Akasema, kwa Kidholuo sasa na polepole, "Lakini Ouko wangu alisimama peke yake. Watoto wa juu wote kalamu zao zilishikwa. Yake ilibaki tu pale mezani. Mwaka huu ni dada yake Anyango anakalia mtihani, na sijui."

Kwa mtu ambaye hakukulia bichi kama mimi nieleze. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwaka. Kwa hivyo mwezi ukipotea, yaani giza likiingia, mitumbwi hutoka kila usiku, na kila asubuhi wamama wote wako mchangani wanaanika. Omena haingoji mtu. Lazima igeuzwe, ilindwe na ndege, na wingu likitokea ikusanywe mbio, kwa sababu ikinyeshewa inaoza, na iliyooza ni chakula cha kuku. Mwezi ukirudi mpevu, bichi inalala. Ndipo nyavu zinashonwa, nywele zinasukwa, wageni wanatembelewa. Mama wa bichi haulizi ni tarehe ngapi, anauliza ni giza au ni mwezi. Mwalimu Kegode hakujua haya, na sioni angeyajuaje. Kwao ni milima na mvua ya kila alasiri. Ukutani alikuwa na kalenda ya duka moja la Kombewa, yenye sikukuu zote za serikali, bila mwezi wa angani hata mmoja. Alipoona wazazi wa chini hawaji, aliamini alichokiona.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa alinipa barua ya kwenda kwa wazazi, imeandikwa kwa mkono wake mzuri wa kuinama. Tulichelewa kuitoa kwa sababu karatasi ziliisha, tukangoja mpaka Ijumaa ya mwisho ya Septemba. Naikumbuka karibu yote. Watoto wanyolewe. Kaptula zilizochanika zishonwe. Kila Ijumaa wasichana waje na samadi, wavulana na maji. Miguu ikaguliwe funza. Watoto wasionekane bichi saa za masomo. Na mwisho: "Siku ya maombi ya darasa la nane ni Ijumaa tarehe 3 Oktoba. Mwaka jana wazazi wa bichi hawakufika hata mmoja. Mzazi asiyemwombea mtoto wake asilaumu matokeo."

Niliichapa mpaka mwisho kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya mashine ya kurudufu, pamoja na maneno yale ya bichi. Halafu nikahesabu. Tarehe tatu ilikuwa giza lenyewe, katikati kabisa. Hata mmoja hangekuja tena, na barua ilikuwa imeshawahukumu kabla. Niliinuka nikaenda kwenye mlango wa darasa la nane ambako Mwalimu alikuwa anaongea na mwalimu wa hesabu. Nikasema, "Mwalimu, hii tarehe ya maombi..." Akasema, bila ukali, macho yake kwenye kitabu cha yule mwalimu, "Binti, chapa kama ilivyoandikwa." Nikarudi. Hayo ndiyo yote. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa naogopa kumkatiza, au kama moyoni nilifurahi kunyamazishwa ili nifanye nilichotaka. Sijui. Nikisema niliogopa tu, nitakuwa nimejipendelea.

Tulikuwa na chupa ndogo ya dawa nyekundu ya kufutia makosa kwenye stensili, yenye harufu ya rangi ya kucha. Nilipaka juu ya ile 3, nikaipuliza ikakauka, nikachapa 17. Tarehe kumi na saba ilikuwa Ijumaa pia, na mwezi ungekuwa mpevu. Yale maneno mabaya kuhusu bichi niliyaacha. Hata leo hilo linanishangaza. Tarehe niliona ni yangu kuigusa, maneno niliona ni yake. Nikazungusha mashine, nikapiga muhuri, watoto wakaondoka na barua saa tisa. Mwalimu hakuisoma tena. Aliniamini.

Jumapili alitangaza maombi kanisani kule juu, kwa mdomo wake, Ijumaa tarehe tatu. Jumatatu alfajiri akaenda mkutano wa walimu wakuu Kisumu, akarudi Alhamisi usiku. Siku nne hizo ningeweza kumfuata. Ningeweza kumwambia naibu wake. Nilijiambia kwamba watu wataamini karatasi yenye muhuri kuliko tangazo, na kwa kweli waliamini. Wazazi wa juu walisikia kanisani tarehe tatu, wakarudi nyumbani wakasomewa kumi na saba, wakasema Mwalimu amebadilisha.

Ijumaa tarehe tatu aliingia uwanjani na suti yake ya kijivu na Biblia kwapani, pasta nyuma yake akisukuma baiskeli. Hakuna benchi lililotolewa. Naibu akamwambia, "Lakini barua imesema kumi na saba, Mwalimu." Akaomba barua, akaisoma amesimama. Aliinama akaiweka karibu na macho, na najua aliona, kwa sababu pale nilipopaka dawa wino ulitoka mnene kidogo. Hakunitazama. Alikunja karatasi mara nne. Na wakati huo huo, kwa lango, akaingia mama mzee peke yake.

Jina alilojulikana nalo ni Nyasembo, maana alizaliwa Asembo. Alitoka juu kabisa, mbali kuliko wote, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu. Alikuwa ametembea tangu kabla ya jogoo. Alivaa gauni la kanisani, na begani alibeba kikapu cha viazi vitamu vilivyochemshwa, bado vina joto. Mjukuu wake Adoyo alikuwa amemsomea barua, akamwambia si leo. Naye alimjibu hivi, Adoyo mwenyewe aliniambia baadaye: "Mwalimu alisema kwa mdomo wake. Karatasi haina mdomo."

Alitazama uwanja mtupu, akasema, "Mwalimu, wengine wako wapi?"

Mimi nilikuwa kwenye mlango wa ofisi, mikono imeshika fremu. Nilingoja aseme karani amekosea. Ilikuwa haki yake. Mwalimu akaweka Biblia juu ya kiti cha baiskeli, akaenda akampokea kikapu.

"Mama, leo ni yako. Ijumaa hii ni yako."

"Yangu peke yangu?"

"Peke yako. Njoo ukae."

Wingu lilikuwa limeshuka, mvua ikaanza, kwa hivyo waliingia darasa la nane, na mimi nilisikia yote kupitia ukuta, na mengine niliyaona kwa sababu niliitwa kubeba meza. Watoto waliweka kalamu zao zote pale. Pasta alidhani mama ataombea ya mjukuu wake amalize. Nyasembo alikataa. "Nimetembea hivi niombee moja?" Aliokota kalamu moja moja, akauliza, "Hii ni ya nani?" Mwenyewe akasimama akasema jina. "Wa nani?" Akasema jina la baba au mama. "Bichi au juu?" "Bichi." "Min Ouko? Yule mwenye kelele?" Darasa likacheka, na Anyango akacheka hadi akafunika uso. Nyasembo akafumba macho, akaishika kalamu ya Anyango kwa mikono miwili, midomo ikatembea. Hakuharakisha hata moja. Mvua ilipiga mabati mpaka hatukusikia maneno, tuliona midomo tu. Ilipokatika ilikuwa imepita saa sita. Aligawa viazi, kila mtoto nusu, na mwisho akanyoosha mkono kwangu na nusu iliyobaki. "Wewe karani, mbona umesimama mbali? Kula." Nilikula. Nasema ukweli, kilikuwa kitamu, na nilitamani kisingekuwa hivyo.

Baadaye Mwalimu alifunga dirisha la ofisi, jambo ambalo hakuwahi kufanya mchana.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza giza, taa, omena, ndege, mvua. Nikamweleza Ouko na kalamu iliyobaki mezani. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea akasirike kuhusu muhuri. Akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukwambia."

"Ulianza. Hukumaliza." Akakaa. "Na mimi sikugeuka. Hilo ni langu. Lakini wewe ulikuwa na kitu ambacho mimi sina, ukakitumia gizani. Sasa yule mama atarudi nyumbani na mguu ule, na tarehe kumi na saba hawezi kuja tena. Ulimhesabu?"

Sikuwa nimemhesabu. Nilihesabu mwezi, nikahesabu bichi, nikawasahau wa juu kana kwamba wao hawana miguu. Alinyoosha mkono nikampa ufunguo wa kabati la taipureta. Halafu akafungua kile kitabu kikubwa akaandika mwenyewe, na Jumatatu nilisoma: "Ijumaa, tarehe 3. Wingu asubuhi, mvua kubwa saa nne hadi saa sita. Maombi ya darasa la nane: mzazi mmoja, watoto wote. Kosa la tarehe ni la ofisi." Aliandika ofisi. Jina langu hakuliweka, na wakati ule sikujua kama ni huruma au ni kwamba sikustahili hata kuandikwa.

Tarehe kumi na saba bichi yote ilipanda. Walikuja kwa mstari, wamefunga vitambaa vyeupe, wananuka sabuni na chini ya sabuni omena, na wa juu pia walikuja wengi. Jua lilikuwa zuri. Kabla pasta hajafungua mdomo Min Ouko akasimama, barua mkononi. "Mwalimu, sisi ndio wale wazazi hawaombei watoto. Tumekuja. Utuonyeshe mahali pa kukaa, ama tusimame na aibu yetu?" Watu wakacheka, lakini si wote, na si kwa moyo. Mwalimu akasimama pia. "Mama, maneno hayo niliandika mimi. Karani alichapa tu. Niliandika kitu nisichokijua, na naomba radhi." Akainamisha kichwa mbele ya umati ule, mtu mrefu vile. Min Ouko akaikunja barua. Akaketi. Nyuma mtu akasema, "Haya, maombi yaanze, omena si inatungoja," na hapo watu wote wakacheka pamoja.

Nyasembo hakuja. Mguu wake ulikuwa umevimba baada ya ile safari. Labda ungevimba hata bila mimi, mguu ulikuwa mbovu tangu zamani. Sitaki kujitwika kisicho changu, wala kujivua kilicho changu. Wakati wa kushika kalamu, Adoyo alisimama mezani peke yake, mikono nyuma. Nilimwona. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, na nilijua mimi ndiye ningepaswa kwenda. Sikwenda. Ni Min Ouko aliyegeuka, ya Anyango bado mkononi, akauliza, "Na huyu mtoto ni wa nani?" Adoyo akataja nyanya yake. "Yule aliyeombea ya wangu? Lete hapa." Akazishika mbili pamoja.

Mpaka mwisho wa mwaka sikugusa taipureta. Nilipewa kazi ya stoo, kuhesabu chaki na majembe, na barua za shule zilichapwa na mwalimu wa hesabu, vibaya. Januari niliitwa ofisini nikajua ni kuagwa. Mezani palikuwa na kalenda mpya ya lile duka la Kombewa, imelazwa, na penseli juu yake. Mwalimu akasema, "Nionyeshe giza." Nilitia kivuli wiki za giza za mwaka mzima, mwezi baada ya mwezi, na ilinichukua asubuhi yote. Alipotazama akasema, "Sasa wa juu." Nikasema wa juu siwajui. "Basi panda ukaulize. Siku ya soko, siku za kupalilia, nani hawezi kutembea. Ukimaliza kuuliza, rudi uchape." Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya Januari. Nilipanda. Nyumba ya kwanza niliyoingia ilikuwa ya Nyasembo. Nilikwenda nikiwa nimepanga kumwambia, lakini alinipokea kwa furaha kubwa akinionyesha wageni: "Huyu ndiye karani, alikuwepo siku yangu!" Nikameza maneno na uji wake. Nilianza, sikumaliza. Mara ya pili. Alifariki miaka mitano baadaye na bado ilikuwa siku yake.

Nimeandika hadi hapa, na jua limetua. Nimeona jambo ambalo sikuliona nilipoanza. Nikisimulia Jumamosi kama Adoyo alivyoomba, Mwalimu atakuwa mtu mwema aliyemwekea mama mzee siku. Lakini alichofanya kilikuwa kikubwa zaidi: alipewa siku iliyoharibika, mbele ya watu, na mtu wa kulaumu amesimama mlangoni, na akaifanya ya mama yule. Nikificha kosa langu namwibia hicho. Upande mwingine, nikisema, namnyang'anya Nyasembo Ijumaa yake, na Adoyo pia. Sikuweza kuamua kwa kuandika, nikampigia Adoyo simu. Risper alikuwa anamenya vitunguu, akazima redio aliposikia sauti yangu.

Nilimweleza yote, dawa nyekundu na kila kitu. Nilimaliza. 

"Kwa hivyo tarehe ya kweli ilikuwa ile ya Dani," Adoyo akasema.

"Ndiyo. Ya kwake ndiyo ilikuwa ya kweli."

"Na mimi nilimwambia amekosea. Nilimwambia asubuhi ile, amevaa viatu. Nilimwambia, Dani, hujui kusoma." Nilisikia anapumua. Sikujua kama analia au anacheka, na sitaandika nisichokijua. Halafu akasema, "Awino, useme yote. Useme na hiyo ya karatasi haina mdomo. Na Jumamosi usikae mbali. Utakaa na mimi."

Nilipokata simu Risper alikuwa ananitazama, kisu mkononi. Akasema kesho kabla ya kufungua kibanda atapitia shuleni kwa miguu amwambie mwalimu wa Neema kuhusu Ijumaa ya mzigo. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Mvua bado haijanyesha.

Tumekula ugali na omena ya kukaanga na nyanya, limau juu. Neema ametoa vichwa vyote akavipanga ukingoni mwa sahani, nimevila mimi.